Siku 126 Hazitoshi: Kazi na Magonjwa ya Kingamwili Kando ya Ziwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, inampa mfanyakazi wa Tanzania siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Ukizigawa siku hizo kwa miezi hiyo unapata siku tatu na nusu kwa mwezi. Kwa mtu aliyevunjika mguu, au aliyelazwa kwa homa ya matumbo, kiasi hicho kinatosha, kwa sababu atapumzika, atapona, atarudi kazini na hesabu yake itafungwa. Mimi nina lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, na ambao hauponi, bali hutulia na kuamka kwa miaka yote ya maisha. Kwangu mimi, na kwa wengi ninaokutana nao kliniki hapa Mwanza, wakiwamo wenye baridi yabisi ya kingamwili, wenye matatizo ya tezi ya thairoidi na wenye kisukari cha aina ya kwanza kilichowaanza utotoni, siku za kulala nyumbani si msaada wa kwanza tunaouhitaji. Tunahitaji kazi yenyewe irekebishwe kidogo, ili tusilazimike kuzimaliza siku hizo kabla ya mzunguko kwisha.

Naandika haya kwa wafanyakazi wenzangu wenye magonjwa haya, na pia kwa wasimamizi wa zamu na maafisa rasilimali watu, ambao mara nyingi hawana nia mbaya, ila hawajawahi kuelezwa.

Lupasi huwapata wanawake kuliko wanaume kwa mbali sana. Katika kila wagonjwa kumi, takribani tisa ni wanawake, na wengi huanza kuugua kati ya umri wa miaka 15 na 45, yaani katika miaka ileile ambayo mtu anatafuta ajira, anazaa, analea na kuanza kujenga. Hushika viungo, ngozi, figo na damu, na wakati mwingine moyo na mapafu, lakini kazini kinachotusumbua wengi ni uchovu, ambao haupimwi kwa kipimo chochote cha maabara wala hauonekani kwa jicho la msimamizi. Unaamka saa kumi na mbili asubuhi baada ya kulala usiku kucha, na kuinua mkono ili uchane nywele kunakuwa kazi ya kujipanga. Kesho yake unaweza kuamka mzima, ukapanda daladala, ukafanya kazi ya watu wawili. Hapo ndipo maneno yanapoanza, kwa sababu watu wanamfahamu mgonjwa na wanamfahamu mzima, lakini mtu aliye hoi Jumanne na mwenye nguvu Jumatano wanamwona mvivu, au mjanja anayekwepa zamu ngumu.

Dawa nazo huongeza utata. Predinisoloni, ambayo wengi wetu hupewa ugonjwa unapoamka, hujaza uso ukawa wa mviringo na kuongeza hamu ya kula, na mtu anayetoka katika wiki mbaya kuliko zote za mwaka wake hupokewa ofisini kwa maneno ya furaha: "Umenawiri, dada, likizo imekukubali." Wanaosema hivyo wanasema kwa upendo. Hata hivyo, ukishaambiwa mara kadhaa kwamba umenawiri, inakuwa vigumu sana kumwendea mtu yuleyule mchana na kumweleza kwamba huwezi kupanda ngazi.

Kando ya Ziwa Victoria kuna mambo mawili ambayo mwenye lupasi hana budi kuyapangia kazi yake, nayo ni barafu na jua, na uchumi wetu wa samaki umejengwa juu ya yote mawili.

Nianze na barafu, kwa sababu ndiko nilikoanzia kazi. Nilikuwa katika kiwanda cha kuchakata samaki, upande wa minofu ya sangara inayosafirishwa nje ya nchi. Samaki anayeuzwa akiwa mbichi hutakiwa kukaa katika ubaridi unaokaribia ule wa barafu inayoyeyuka, tangu anapopokelewa hadi anapofungwa ndani ya boksi, na kwa hiyo kila anayemgusa anaishika baridi hiyo zamu nzima. Unavaa gambuti, koti jeupe, kofia, barakoa na glavu mbili, ya kitambaa ndani na ya mpira juu, lakini haipiti nusu saa kabla maji hayajapenya mahali fulani. Vidole vyangu vilianzia nchani. Kidole cha kati na cha pete vilipauka vikawa na rangi ya majivu hadi kwenye fundo la pili, na mpaka kati ya sehemu yenye damu na sehemu isiyo nayo ulionekana wazi, umenyooka, kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Baadaye viliingia rangi ya zambarau, na nilipovichovya katika maji ya vuguvugu vilirudi kuwa vyekundu kwenye kucha na viganjani, vikichoma na kupwita hadi nikashindwa kufunga kifungo cha koti. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliieleza hali hiyo mwaka 1862 na bado inaitwa kwa jina lake: mishipa midogo ya damu hujikaza kupita kiasi inapokutana na baridi. Huwapata wengi wenye lupasi na karibu wote wenye skleroderma, ugonjwa mwingine wa kingamwili unaoikaza ngozi.

Kisu cha minofu ni kikali, na mtu asiyehisi ncha za vidole vyake hapaswi kukishika. Jambo hilo peke yake lilitosha kunihamisha meza, kwa faida ya kiwanda sawasawa na yangu. Msimamizi wa zamu aliniambia, "Dada, hapa wote wanashika barafu. Ukishindwa, nenda zahanati wakupe ED." Nilikwenda, nikapewa ED, yaani karatasi ya daktari ya kupumzishwa kazi, ya siku chache, vidole vikatulia, nikarudi kwenye barafu ileile, na haukupita muda nikawa nimekaa kwenye benchi la zahanati tena. Anayesoma daftari la mahudhurio ataona mfanyakazi anayeugua mara kwa mara, na hataona kwamba mfanyakazi huyo alikuwa akiuguzwa na meza moja. Kule getini, ambako magari ya samaki hupokelewa, palikuwa na kazi ya kuandika namba ya gari, uzito na joto la samaki, kazi ninayoimudu hadi leo, na mtu aliyekuwa akiifanya aliwahi kuomba mwenyewe ahamie ndani. Kubadilishana kwetu kusingekigharimu kiwanda shilingi hata moja.

Jua lina habari yake. Miale ya jua huweza kuuamsha ugonjwa, kwanza kwenye ngozi, kwa ule upele unaotanda mashavuni na juu ya pua kwa umbo la kipepeo, kisha kwenye viungo na hata kwenye figo. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni miale huwa mikali hata pale wingu linapotufariji kwamba hakuna jua. Watu wa Mwanza hawahitaji somo refu katika hili, maana tumeishi na ndugu zetu wenye ualbino na tunajua kwa nini wanavaa kofia pana na mikono mirefu. Tofauti ni kwamba mwenye lupasi mwenye ngozi nyeusi akifungua mwavuli mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya samaki inapotia nanga, watu hudhani anaringa.

Hata hivyo, mfano mzuri kuliko yote niliyoiona wa kumrekebishia mtu kazi nimeuona mwaloni, na si ofisini. Mama mmoja tunayehudhuria naye kliniki ni mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo mmoja wa Ilemela. Kazi ya dagaa inajulikana: mitumbwi huvua usiku kwa taa, alfajiri inarudi, wanawake wananunua kwa ndoo, wanawaanika juu ya nyavu au kwenye chanja, wanawageuza jua likiwa kali ili wakauke siku hiyohiyo, kisha wanawafunga kwenye magunia. Kugeuza dagaa saa sita mchana ndiko kulikokuwa kukimlaza mama huyu. Alipowaeleza wenzake wa kikundi kwamba daktari amemkataza jua, mkubwa wao alimjibu, "Mayu, wewe shika ununuzi na daftari. Kugeuza tutageuza sisi." Tangu hapo yeye hufika alfajiri kabla jua halijachomoza, hupatana bei na wenye mitumbwi, hupima, huandika, na ikifika saa tatu na nusu yuko chini ya paa la bati akipanga mauzo ya simu na wateja wa mikoani. Siku za mbalamwezi, ambapo dagaa hawavuliwi kwa sababu mwanga wa taa haufui dafu mbele ya mwezi, ndizo anazoziombea miadi ya kliniki, na kwa njia hiyo hapotezi hata soko moja. Kikundi chao kina kikoba, na ndani ya kikoba kuna mfuko wa jamii unaomvusha wiki ambazo ugonjwa umeamka na hawezi kutoka kabisa. Hakuna sheria iliyowalazimisha, na wala hawakumfanyia hisani: anajua kupatana bei kuliko wote, na kikundi kimepata mtu wa ununuzi anayekaa kwenye kazi hiyo moja.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu waajiri wengi wanaposikia mfanyakazi ana ugonjwa wa kudumu hufikiria gharama kubwa: kumlipa asiyefanya kazi, au kumwajiri mwingine juu yake. Mengi tunayoyaomba ni ya namna ya mama huyu. Mwenye baridi yabisi ya kingamwili huamka na viungo vilivyokakamaa kwa saa nzima au zaidi, na hulegea kadiri asubuhi inavyosogea. Akiingia saa tatu badala ya saa moja na kutoka kwa kuchelewa kiasi hichohicho, mwajiri anapata saa zake zote. Wengi wao hunywa methotrekseti, dawa ambayo kwa ugonjwa huu hunywewa mara moja tu kwa wiki na ni hatari kubwa kuinywa kila siku, na ambayo huwaletea baadhi yao kichefuchefu na uchovu siku inayofuata. Aliyekubaliana na daktari wake ainywe Ijumaa jioni hujisikia vibaya Jumamosi, akiwa nyumbani. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza anahitaji kujua kwamba saa ya kula haitasogezwa kwa sababu kikao kimerefuka, na kwamba insulini yake ina mahali pa ubaridi. Dereva na mlinzi wanahitaji kiti. Haya si makubwa, lakini lazima yasemwe na yaandikwe, kwa sababu yakiachwa kwenye huruma ya msimamizi mmoja yataondoka siku atakapohamishwa.

Kliniki ni jambo lingine. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando inapokea wagonjwa wa kanda nzima ya ziwa, na madaktari bingwa wa magonjwa haya ni wachache, kwa hiyo siku ya miadi ni siku nzima. Anayetoka Ukerewe hulala mjini. Wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, maana zamani foleni ya kivuko iliweza kukukosesha miadi uliyoisubiri miezi mitatu. Wengi wetu huimaliza likizo ya mwaka, ambayo kisheria ni siku 28, kwenye mabenchi ya kliniki, kwa kuogopa kwamba tukiomba ruhusa ya ugonjwa kila mara jina litaingia kwenye orodha mbaya. Huko ni kukosa mapumziko kabisa, na mwili unaokosa mapumziko huamsha ugonjwa.

Sasa niseme kuhusu mkataba, kwa kuwa huko ndiko watu wanakopotelea kimyakimya. Mkataba wangu na kile kiwanda ulikuwa wa mwaka mmoja, ulikuwa umewahi kuongezwa, na ulipokwisha mara ya mwisho haukuongezwa tena. Hakuna aliyetamka neno ugonjwa. Sikujua wakati huo, na wengi hawajui hadi leo, kwamba sheria yetu inakuhesabu kutoongezewa mkataba wa muda maalumu kuwa ni kuachishwa kazi, pale ambapo mfanyakazi alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuongezewa. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamwelekeza, kabla ya kumwachisha kazi mtu kwa sababu ya afya, achunguze ukubwa wa tatizo, azungumze na mfanyakazi mwenyewe, na aangalie kama kazi inaweza kurekebishwa au kama kuna kazi nyingine inayomfaa. Anayetaka kulalamika dhidi ya kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi hapa Mwanza. Kwa mtu ambaye ugonjwa umeamka kwa mshtuko wa kupoteza kazi, siku 30 hupita akiwa kitandani.

Vibarua wako katika hali ngumu zaidi, kwani aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo. Ila kuna kifungu ambacho kila kibarua wa mwaloni na kiwandani angepaswa kukijua: ukiwa umefanya kazi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na jumla ya muda huo ikazidi miezi sita, haki hiyo unayo. Tunza kila karatasi ya malipo, na kama unalipwa kwa simu, usifute ujumbe.

Kuna anayesema kwamba waajiri wetu hawawezi kujifunza mambo haya. Mimi siamini, kwa sababu nimewaona wakijifunza. Sheria ya 2004 inataja waziwazi kwamba ni marufuku kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya VVU na UKIMWI, ikaja sheria mahususi ya mwaka 2008, na kwa elimu ya miaka mingi leo zipo sehemu nyingi za kazi ambako mtu anakwenda kuchukua dawa zake na hakuna anayeuliza. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Lupasi na wenzake hawatajwi popote kwa majina, na mwili ambao leo unaweza na kesho hauwezi haumkai mtu akilini anaposikia neno ulemavu. Kinachouma zaidi ni kwamba upele na kukonda kwetu huwafanya majirani waseme tuna UKIMWI tunauficha, na wengine waseme tumelogwa, kwa hiyo mtu anakaa kimya kazini kuhusu ugonjwa ambao kuutaja kungemsaidia.

Ukimya huo una gharama inayopimika, nayo ni bima. Kwa aliyeajiriwa, kadi ya bima ya afya inafuata mkono wa mwajiri, na ajira ikikatika, kadi inakatika. Hapo haidroksiklorokwini, ambayo ndiyo msingi wa matibabu ya lupasi na inayohitaji macho yapimwe mara kwa mara, inanunuliwa kwa fedha taslimu, kisha inanunuliwa nusu dozi, kisha haipo. Predinisoloni ni mbaya zaidi, maana aliyeizoea kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kuzidiwa hadi kupoteza maisha. Mtu anaachishwa kazi kwa kuwa anaumwa, anakosa dawa kwa kuwa ameachishwa kazi, na anashindwa kutafuta kazi nyingine kwa kuwa amekosa dawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ilitungwa ili kila mtu awe na bima, na sisi tuna sababu ya kuifuatilia kuliko watu wengi.

Kwa mwenzangu aliyegunduliwa hivi karibuni na ambaye bado yuko kazini, ushauri wangu ni kuhusu karatasi. ED inasema mtu apumzike siku kadhaa, basi. Muombe daktari wako, siku ambayo ugonjwa umetulia na foleni si ndefu sana, akuandikie barua ya aina nyingine, inayoeleza unachoweza na usichoweza kufanya: kwamba asishike barafu wala vitu vilivyogandishwa, kwamba asipangiwe kazi ya juani kati ya saa nne na saa kumi, kwamba aanze kazi saa tatu, kwamba atahudhuria kliniki kila baada ya miezi kadhaa, na kwamba ndani ya mipaka hiyo anaweza kufanya kazi kwa muda kamili. Sentensi hiyo ya mwisho usikubali iachwe, kwa kuwa ndiyo anayoitafuta mwajiri. Si lazima barua itaje jina la ugonjwa kama hutaki litajwe. Ipeleke kwa afisa rasilimali watu pamoja na barua yako fupi ya kuomba marekebisho, ukitaja nafasi au zamu unayoiona inafaa, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.